Nina kigugumizi, na bado nataka kuongea vizuri zaidi

Nina kigugumizi tangu utotoni, nadhani hata darasa la kwanza nilikuwa sijaanza, na sasa ni mtu mzima nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, kazi ambayo ni mdomo mtupu kuanzia alfajiri mpaka jua likae utosini. Sijawahi kuliandika hili sehemu yoyote. Ila limenikaa kichwani muda mrefu, kwamba ukiwa na hali kama yangu watu wanakuvuta pande mbili, huyu anakwambia dada jikubali, Mungu ndo alivyokuumba, yule anakwambia jitahidi, vuta pumzi, ongea polepole, mbona fulani aliacha. Na wote wanakupenda kweli. Alafu ukirudi nyumbani ukakaa peke yako unakuta hao watu wawili wamo humohumo ndani yako wanaendelea kubishana.

Kwa ambaye hajui, kigugumizi hakina uhusiano na akili, na hakiji kwa sababu mtu ni muoga. Neno nalijua, nimeshalipanga, liko tayari, likifika mdomoni linagoma, shingo inakaza, saa nyingine jicho linafumba lenyewe. Nakwama kwa Kiswahili, nakwama kwa Kisukuma, nakwama kwa Kikerewe cha kwa mama. Wataalamu wanasema kwa sehemu kubwa kinatokana na namna ubongo unavyoendesha usemi na kinatembea kwenye ukoo, watoto wengi wakianza wanaacha wenyewe wakikua, ila wengine tunabaki nacho, kama mtu mmoja katika watu mia. Sensa ya 2022 ilihesabu kama watu milioni 3.7 mkoa wa Mwanza, kwa hiyo kwa hesabu ya juujuu tuko kama elfu 37 hapahapa. Elfu 37! Mbona hatusikiani? Kuna hadi siku yetu ya kimataifa, tarehe 22 Oktoba, ipo tangu 1998, na mimi nimeijua juzijuzi tu. Na kwa watu wazima wanaume ndo wengi, karibu wanne kwa mwanamke mmoja, ndo maana binti mwenye kigugumizi anaweza kukua akidhani yuko peke yake dunia nzima.

Nadhani hatusikiani kwa sababu wengi tunajificha, na kujificha kuna ufundi wake. Ukiongea na mimi mara ya kwanza unaweza usijue kabisa, maana neno nikiliona kwa mbali kwamba litakwama nalipisha naweka lingine, "bei" naifanya "unatoa shingapi", maisha yanaenda. Ila majina hayana cha kuyapisha. Pasiansi ninaposhukia ni Pasiansi, hakuna namna nyingine ya kumwambia konda, P ikikaza gari limeshapita, kwa hiyo nilizoea kungoja abiria mwingine aseme shusha ndo nishuke hapohapo alipomsimamishia nirudi kwa mguu na jua lile na ndoo kichwani. Jina langu mwenyewe ndo gumu kuliko yote. Simu nayo usiseme, mteja wa Dodoma akipiga nikakwama kwenye haloo anajua mtandao, anakata, namwandikia meseji. Sasa dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, siku za mbalamwezi wavuvi wengi hawaingii ziwani, mzigo unapungua, bei inapaa ghafla, na hapo mtu anapiga simu saa hiyohiyo, wewe ukikaa unaandika meseji mwenzio ameshauza gunia zake zote anahesabu hela. Kimya changu kimenigharimu hela, tena nyingi.

Nina mjomba Ukerewe, fundi wa mitumbwi, kigugumizi chake na changu ni kimoja. Yeye ndo mtu wa kwanza kuniambia usione aibu mwanangu, sisi ndo tulivyo. Kwake hakuna anayemmalizia mtu sentensi, watu wanangoja neno litoke, likitoka wanajibu, na mimi nikienda Nansio nikalala siku mbili tatu naongea mpaka najishangaa, naongea kuliko ninavyoongea mjini msimu mzima. Lakini mjomba huyohuyo akija mteja mgeni anamuita mdogo wake ndo apatane bei. Mkutano wa kijiji anahudhuria ila hasimami. Na nimeshuhudia kwa macho yangu mdogo mtu akiachia mtumbwi kwa bei ambayo najua mjomba asingeikubali, mwenyewe kainama pale pembeni anapiga randa, hasemi kitu, ila uso wake niliuona. Nikamuuliza baadae kwa nini usiseme mwenyewe mjomba? Akanijibu, hata Musa alikuwa na Haruni.

Jibu hilo lilinisumbua. Nikaja kumsimulia mama mmoja jirani yangu wa meza pale Mwaloni, yeye Mwislamu mimi Mkristo, tunapenda sana kuongea mambo ya dini na hatujawahi kugombana, akaniambia kwao, kwenye Kurani, Musa kabla hajaomba apewe ndugu yake wa kumsaidia aliomba kwanza Mungu amfungulie fundo la ulimi, watu wapate kuyafahamu maneno yake. Nilikaa nalo siku nzima. Mimi nilikuwa nimeshika tu ule ulimi mzito, na Haruni basi. Kumbe mtu anaweza kuomba vyote viwili, msaada na fundo lifunguke, na sioni kama kuomba hivyo ni kumkosoa aliyekuumba. Na sababu aliyotoa mbele za Mungu naipenda mno, alitaka aeleweke.

Mjomba simhukumu, kaniponya kwa mengi. Ila kujikubali kwake kunaishia mlangoni kwake, na akitoka nje ya hapo anayeongea ni mtu mwingine, na mimi sitaki maisha yangu yawe na ukubwa wa ua wa nyumba.

Upande wa wale wa jitahidi nao nimeukaa sana. Nipo kwaya, na nikiimba sikwami hata herufi moja, wengi wenye kigugumizi wako hivyo, ukiimba au ukisema kwa pamoja na wengine kinapotea. Sasa mtu wa kwaya akaniambia, kwa nia njema kabisa, basi unaona unaweza, ni kujitahidi tu. Iliniuma, maana kuanzia hapo kila nikikwama nahisi kama nimefanya uzembe. Na kujitahidi kwenyewe kulikuwa kujitahidi nisikwame, na ukijitahidi usikwame unakaza, ukikaza unakwama zaidi, hata siku ikiisha salama hufurahii, unalala unaiogopa kesho. Yaani unajichukia kuanzia asubuhi alafu unategemea jioni uwe umekuwa mtu bora, aisee haiwezekani.

Kilichonifungua macho ni habari za Mmarekani mmoja, Charles Van Riper, alizaliwa 1905, alikuwa na kigugumizi kikali na baadae ndo akawa mmoja wa waanzilishi wakubwa wa tiba ya usemi, alifundisha Chuo Kikuu cha Western Michigan miaka mingi. Akiwa kijana alikata tamaa mpaka akaenda kufanya kibarua shambani akijifanya bubu na kiziwi ili tu asiulizwe kitu. Alipotoka huko akiwa barabarani akapewa lifti na mzee mmoja, kumbe mzee naye ana kigugumizi, ila chake kinatoka kilaini, hakunji uso wala hapigani. Mzee akamweleza kwamba zamani alikuwa kama yeye, sasa amezeeka na amechoka kupigana na nafsi yake, anayaacha maneno yavuje yenyewe. Van Riper akaishika njia hiyo maisha yake yote. Aliwafundisha watu kukwama bila kukaza, neno likigoma unalikubali kwamba limegoma, unalegeza, unalitoa taratibu, na wakati mwingine unakwama kwa makusudi kabisa ili uizoee ile hofu.

Hiyo ya makusudi nikaenda kuijaribu kwenye daladala. Nikamwambia konda P-p-p-pasiansi, kwa sauti, kabla haijakwama yenyewe. Akageuka akaniangalia, akasema sawa dada, gari likasimama, nikashuka kituoni kwangu. Sikulala mapema siku hiyo kwa furaha.

Mnaona yule mzee wa lifti? Aliacha kupigana na papo hapo akawa anaongea kwa urahisi kuliko alivyowahi. Vitu ambavyo mimi nilikuwa naviona vinagombana, kwake vilikwenda pamoja. Nguvu zote nilizokuwa namalizia kwenye kuficha, za kupisha maneno na kutembea juani, ndo nguvu ambazo kuongea kulikuwa kunazihitaji.

Sasa juzi kikoba chetu kimenichagua katibu. Katibu anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, hisa na majina ya wenye mikopo, majina matupu. Rafiki yangu akadakia haraka kunisaidia, akasema mimi niandike tu, mhazini atasoma. Nikajua amefanya kwa upendo. Nikamuomba mwenyekiti nafasi nikasimama, nikawaambia jamani mnanijua, nina kigugumizi, ntasoma mwenyewe na ntakwama, naombeni msinimalizie, ngojeni tu. Mama mmoja akasema kwani tuna haraka ya wapi. Nikasoma. Ilichukua muda, majina mengine niliyalegeza kama ninavyojifunza, mengine shingo ilikaza kama zamani, kuna dada jina lake liligoma kabisa na yeye mwenyewe akaniangalia machoni akangoja mpaka likatoka. Hawakunipigia makofi na nashukuru, tukaendelea na ajenda ya faini.

Na usiku nikiwa kitandani nilitamani ningesoma yale majina yote bila kukwama. Nalisema kwa sababu ni kweli, na kuna mtu ataniambia basi hujajikubali bado. Sikubaliani naye. Ningekuwa bado najificha nisingesimama. Nimesimama kwa sauti yangu hii hii, na sauti hii hii naitaka iwe nyepesi zaidi.

Huku kwetu wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache na kuwapata ni kazi, ila nimeanza kuulizia, na nauli ya kwenda mbali naiweka pembeni kidogo kidogo kwenye faida ya dagaa. Nikimpata ntamwambia tuanze na simu, na hii shingo inayouma kila jioni, alafu jina langu. Kukwama kwenyewe kukibaki, tutabaki nako.