Kanda za zamani, mfumo mpya

Kompyuta mpya haina pa kuichomeka mashine ya kanda ya zamani. Hilo ni la kukubali mapema, kabla mtu hajaanza kuulaumu mfumo endeshi. Mashine yangu ya kanda ni ya DDS-4, inatumia SCSI ya pini 68, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa na kompyuta, na kadi iliyozoeana nayo ni Adaptec 29160, kadi ya PCI, nafasi ya kadi ya aina ya zamani. Bodi nyingi za leo zina PCIe, mrithi wake, peke yake. Kwa hiyo mashine inawaka, mota inazunguka, taa ya kijani inapepesa, na bado haina mlango wa kuingilia.

Nimeletewa boksi la kanda na ombi fupi: tunataka yaliyomo. Aliyelileta, kijana wa idara ya kompyuta, aliigeuzageuza moja mkononi akaniuliza, "Kaka, hii si ya muziki?" Simlaumu. Kanda hii, DAT, ilianza kweli kama kanda ya sauti. Mwaka 1989 HP na Sony wakaigeuza kuwa ya kuhifadhia data na kuiita DDS. Utepe wake haufiki milimita nne kwa upana. DDS-4, iliyotoka 1999, inabeba gigabaiti 20. Kwenye kasha wameandika 40 kwa kudhani data itabanwa hadi nusu, dhana ambayo picha na faili za zip hazijawahi kuiheshimu.

Kadi za SCSI za PCIe zilitengenezwa, lakini kuzipata ni shughuli. Nimetumia kibao cha kubadilishia, upande mmoja PCIe na upande mwingine PCI ya kawaida. Kadi ya 29160 ni ya biti 64, ndefu kuliko nafasi yenyewe, basi ncha yake imebaki inaning'inia hewani. Inatisha kuitazama ila inafanya kazi. Iliundwa ikubali nafasi fupi.

SCSI ina masharti yake na haina huruma kwa anayeyapuuza. Kila kifaa kina namba yake, na 7 kwa kawaida ni ya kadi, usimpe mwingine. Kebo lazima ifungwe ncha zote mbili. Upande wa kadi unajifunga wenyewe. Upande wa pili unahitaji kizibo, na kizibo chenyewe kiwe kimeandikwa LVD/SE, yaani kinafaa aina mpya na ya kale ya ishara za SCSI. Bila hicho mashine huonekana leo na kesho haionekani, na utamtafuta mchawi kwenye programu usimpate. Ukichanganya kifaa cha aina ya kale kwenye kebo hiyo, mwendo wote unashuka kutoka megabaiti 160 kwa sekunde hadi 40. Kwa mashine inayotoa kama megabaiti 3 kwa sekunde, sikuona haja ya kukosa usingizi.

Upande wa Windows niliupita haraka. NTBackup, programu iliyoandika sehemu ya kanda hizi, iliachwa ilipokuja Vista. Sehemu ya mfumo iliyosimamia kanda, Removable Storage Manager, ikaondolewa katika Windows 7. Baadaye Microsoft walitoa kifaa cha kurejesha faili za NTBackup kwa ajili ya Windows 7, lakini hicho kinasoma faili zilizo kwenye diski, kanda hakiijui. Ongeza hapo sharti la draiva zilizotiwa saini kwenye mifumo ya biti 64, na kadi ambayo mtengenezaji wake alishaisahau. Mtu anaweza kufufua kompyuta ya zamani yenye mfumo wa zamani na kuifungia mbali na mtandao. Ni njia halali. Mimi sikutaka kutegemea diski ya zamani na usambazaji umeme wa zamani ili kuokoa kanda ya zamani. Wagonjwa watatu kitanda kimoja.

Kwenye Linux hali ni nyingine. Draiva ya kadi, aic7xxx, bado imo. Draiva ya kanda, inayoitwa st, bado imo pia. Si kila kitu kimepona: msimbo wa kale wa IDE uliondolewa katika toleo la 5.14, mwaka 2021, na zile mashine za kanda zilizokuwa zikichomekwa kwenye kebo ya flopi zilishapoteza draiva yao zamani zaidi. SCSI imenusurika kwa sababu lugha yake ndiyo inayozungumzwa hadi leo na mashine kubwa za kanda, zile za LTO, ingawa kebo imebadilika. Mfumo unaoongea na LTO ya kisasa unaelewana na DDS yangu bila mkalimani.

Basi `lsscsi` ikaionyesha, `modprobe st` ikaipa jina, na mtumiaji wangu nikamwingiza kwenye kundi la `tape` ili nisifanye kila kitu kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Kabla ya kuingiza kanda yoyote nilifungua kile kidirisha kidogo cha kuzuia kuandikwa. Kwenye DDS, tundu likiwa wazi kanda imelindwa. Halafu nikapitisha kanda ya kusafishia, maana mashine iliyokaa kabatini miaka mingi ina vumbi kwenye vichwa, na vichwa vyake vinazunguka kwenye ngoma kama vya video.

Jambo jingine la mapema: majina ni mawili. `/dev/st0` inarudisha kanda mwanzo kila programu inapomaliza. `/dev/nst0` inaiacha ilipo. Kanda moja inaweza kubeba nakala kadhaa zilizofuatana, kila moja ikiwa na alama mwisho wake. Anayetumia st0 atasoma nakala ya kwanza, kisha ya kwanza tena, na ataapa kwamba kanda ina nakala moja tu.

Sasa lile lililonikalisha. Kanda ilikubali, `mt status`, amri ya kuuliza hali ya kanda, ikasema iko tayari, nikaomba kipande cha kwanza kwa `dd`, amri ya kunakili data ghafi, bila maelezo ya ziada. Jibu: memori haitoshi. Kompyuta yenye gigabaiti 32 za memori, inaombwa baiti 512, inasema haina nafasi. Hapa ndipo watu wengi huhitimisha kwamba draiva imeharibika, au kwamba Linux mpya imechoka na vitu vya kale, wakafunga boksi.

Ujumbe huo unapotosha. Kanda haikuandikwa kama diski. Diski ina vipande vya ukubwa mmoja na unaweza kuchukua chochote popote. Kanda ina bloku, na bloku ina ukubwa aliouchagua yule aliyeandika siku ile. Ukiomba baiti 512 na bloku iliyopo ni ya baiti 10,240, draiva haina ruhusa ya kukumegea. Inarudisha kosa, na namba ya kosa iliyochaguliwa miaka hiyo ndiyo ile ile ya memori kutotosha. Tafsiri yake ni kwamba bakuli lako ni dogo.

Tiba ni rahisi ukishalijua hilo. Kwanza `mt -f /dev/nst0 setblk 0`, ili mashine ikubali bloku za ukubwa wowote. Kisha unaomba bloku moja kwa bakuli kubwa mno, `dd bs=1M count=1`, na unatazama faili iliyotoka ina baiti ngapi. Hiyo ndiyo bloku. Kanda moja ikasema 10,240, ukubwa wa kawaida wa tar, programu ya Unix ya kufunga faili nyingi kuwa moja. Nyingine ikasema 65,536. Mwandishi wake alikuwa mtu wa kufikiri, alitaka mwendo. Nilijikuta namheshimu mtu nisiyemjua kwa sababu ya namba.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya subira. Sikufungua nakala yoyote moja kwa moja kutoka kwenye kanda. Kila kanda niliimwaga nzima kwenye diski, alama hadi alama, faili moja kwa kila nakala, nikapiga `sha256sum` ili baadaye nijue kama faili imebadilika, kisha nikaitoa kanda na kuiweka kando. Kanda iliyojaa inachukua karibu saa mbili. Kuisoma mara moja tu ni nidhamu, kwa sababu kila mzunguko unausugua utepe, na huenda huu ndio mzunguko wake wa mwisho wenye afya.

Za tar zilifunguka zote. Hakuna aliyehitaji kununua kitu wala kutafuta leseni. Amri ile ile ya mwaka 1979, ilipoingia katika Unix toleo la saba, leo inafungua. Za NTBackup zilikuwa kwenye muundo wa Microsoft, MTF, na kwa hizo nimeokolewa na mtftar, programu ndogo ya bure inayosoma MTF na kutoa tar. Faili zimetoka. Ilitosha mtu mmoja kuwa na ari ya kuuchambua muundo huo na kuandika programu. Bila yeye ningekuwa na gigabaiti nyingi za data nzima kabisa, isiyo na kosa hata moja, na isiyosomeka.

Hilo limenikaa kichwani wiki hii. Watengenezaji wa kanda huahidi miaka 30 ukizihifadhi vizuri, na kwa nilichokiona nawaamini kiasi. Lakini ahadi hiyo ni ya utepe. Hakuna aliyeahidi miaka 30 ya nafasi ya PCI, ya kebo ya pini 68, ya programu iliyobana data kwa namna yake. Vilivyokufa kwenye boksi hili ni vya katikati, vile ambavyo hakuna aliyeviandikia tarehe.

Wala sisemi kanda zimepitwa. Februari 2011 Gmail ilipopoteza barua za sehemu ndogo ya watumiaji wake, Google walizirudisha kutoka kwenye kanda, kwa sababu hitilafu ya programu iliyofuta nakala za kwenye diski haikuweza kuufikia utepe uliokaa rafuni. LTO-9 ya mwaka 2021 inabeba terabaiti 18. Ila hata huko kuna mtego: kwa miaka mingi kanuni ilikuwa mashine ya LTO isome vizazi viwili vya nyuma, na LTO-8 ikaivunja, inasoma LTO-7 na yake tu. Mwenye kabati la LTO-6 aanze kuhesabu.

DDS siwezi kumshauri mtu aendelee kuiandikia. Kuisoma, ndiyo, na upesi.

Zimebaki kanda mbili zinazogoma. Zinasoma mwanzo vizuri, halafu makosa ya utepe yanajaa kwenye `dmesg`, kumbukumbu za mfumo. Nimesafisha tena, nimezizungusha hadi mwisho na kuzirudisha ili zikaze sawasawa, hali ni ile ile. Dhana yangu sasa ni kwamba utepe ni mzima. Mashine za aina hii vichwa vyake huweza kupinda kidogo kadiri zinavyozeeka, na mashine iliyopinda huandika mistari iliyopinda. Yenyewe inaisoma bila shida, nyingine haioni kitu. Nimempigia kijana yule kumuuliza kama mashine iliyoandika kanda hizi bado ipo, hata kama ni mbovu. Anasema kuna moja stoo, imewekewa karatasi ya kutupwa. Nimemwomba aitoe hiyo karatasi.