Jinsi nilivyoisasisha Gentoo iliyotelekezwa bila kuisakinisha upya

Kila niliyemweleza hali ya mashine ile alinipa jibu lilelile: futa diski, sakinisha upya, yaishe. Ilikuwa Gentoo, aina ya Linux ambayo programu zake kwa kawaida hujengwa kutoka msimbo chanzo, na mtunzaji wake wa awali aliiacha zaidi ya mwaka bila kuigusa. Huduma zake zilikuwa bado zinatumika kila siku, na mipangilio yake haikuandikwa popote isipokuwa ndani ya saraka ya /etc. Kuanza upya kungenipa mfumo safi, kisha kazi ndefu ya kukisia nani alitaka nini na kwa nini. Niliona heri nipambane na Portage.

Kwa asiyeifahamu, Portage ndiyo inayosimamia vifurushi kwenye Gentoo, na `emerge` ndiyo amri yake kuu. Kila kifurushi kina faili ya ebuild, skripti ya bash inayoeleza msimbo chanzo unapatikana wapi, unategemea nini na unakompailiwa vipi, yaani unavyogeuzwa kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Mtumiaji huchagua uwezo wa programu zake kwa swichi za USE: Bluetooth nataka, uchapishaji sitaki, na kadhalika. Utamu wa Gentoo uko hapo, na matatizo yake mengi yanaanzia hapohapo, kwa sababu kila chaguo hubaki kwenye faili fulani hadi siku litakapogongana na chaguo jingine.

Nilianza kwa kunakili vitu vitatu kwenye diski ya nje: /etc yote, /var/lib/portage/world na /var/db/pkg. Faili ya world ni orodha ya vifurushi ambavyo mtu aliviomba kwa jina. Saraka ya /var/db/pkg ni daftari la kila kilichosakinishwa. Ikipotea, programu zitaendelea kukaa kwenye diski lakini Portage haitajua kwamba zipo. Nakala hii ni ndogo na huchukua dakika chache, sioni sababu ya kuiruka.

`emerge --sync`, inayovuta ebuild mpya kutoka kwenye hifadhi ya Gentoo, ikakwama papo hapo kwenye uhakiki wa sahihi. Ujumbe ulikuwa mrefu na wa kutisha, ila sababu yake ilikuwa saa ya mashine: ilikuwa nyuma kwa miezi, kwa hiyo sahihi iliyotiwa juzi ilionekana imetiwa siku ambayo haijafika. Nilirekebisha saa, ikapita. Ninataja hili kwa sababu njia ya mkato inayopendekezwa sana ni kuzima uhakiki, nami siikubali hata kidogo. Sehemu za ebuild huendeshwa kwa mamlaka ya root, yule msimamizi mwenye uwezo wote kwenye mashine. Usiruhusu skripti ya aina hiyo iingie bila kujua imetoka wapi.

Baada ya hapo nilisasisha Portage yenyewe kabla ya kitu kingine chochote, kwa `emerge --oneshot sys-apps/portage`. Ebuild huandikwa kwa kufuata toleo fulani la kanuni liitwalo EAPI, na Portage iliyopitwa na wakati haiwezi kuzisoma ebuild za toleo jipya; huziona kama zimefungiwa, ukaanza kutafuta tatizo mahali lisipokuwepo. Ile `--oneshot` inazuia kifurushi kisiingie kwenye faili ya world. Niliitumia karibu kila mara katika kazi hii yote. Kisha nikasoma habari zote zilizolundikana, kwa `eselect news read`. Zilikuwa nyingi, lakini zilinipa ramani: Python 3.12 ilifanywa kuwa ya kawaida Juni 2024, na profaili (seti ya mipangilio ya msingi ya mfumo) mpya ya 23.0 ilitangazwa Machi mwaka huohuo. Hiyo ya pili inataka kila kifurushi kikompailiwe upya, na maelekezo yake yanasema wazi kwamba mfumo usasishwe kwanza ndipo profaili ibadilishwe. Nikaiweka kiporo.

Ndipo nikaandika amri yenyewe, `emerge -pvuDN @world`. Herufi p ni ya kujaribu tu bila kusakinisha. Kilichojitokeza ni ukurasa juu ya ukurasa wa maandishi mekundu, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa.

Niliyojifunza ni kwamba maandishi yale yana aina chache tu za malalamiko, na malalamiko mengi ni mwangwi wa lalamiko moja. Portage inatafuta mpangilio mmoja utakaoridhisha masharti yote kwa pamoja. Ikishindwa, inakuonyesha kila mahali ilipogonga ukuta, ikiwemo kuta zilizosimama kwa sababu ya ukuta wa kwanza. Ukianza kutibu kila mstari, utajaza /etc/portage vibali na marufuku ambavyo baadaye vitagongana vyenyewe. Aliyenitangulia alifanya hivyo: faili za package.use na package.unmask zilikuwa na mistari chungu nzima, nayo isiyo na maelezo hata ya neno moja.

Kwenye mgongano wa sloti, ule ambapo matoleo mawili ya maktaba moja yanataka kukaa mahali pamoja, niliacha kuangalia maktaba inayotajwa kichwani. Nilishuka chini kutafuta nani anaidai ile ya zamani. Pembeni ya kila mdai Portage huandika kama tayari amesakinishwa au amepangwa kusakinishwa. Mdai aliyesakinishwa, na asiye na toleo jipya linalokuja, ndiye mshukiwa wangu. Mara nyingi hukuti kosa lolote kwenye toleo jipya. Kinachozuia ni kifurushi kikuukuu ambacho hakina tena mahali pa kwenda.

Hapo `eix-test-obsolete` ilinisaidia kuliko amri nyingine yoyote. Inatoka kwenye kifurushi cha eix, na pamoja na mengine inaorodhesha programu zilizosakinishwa ambazo hazipo tena kwenye hifadhi ya ebuild, na mistari ya mipangilio ambayo haina kazi. Programu iliyoondolewa hifadhini haitapata sasisho kamwe, lakini inaendelea kudai maktaba zake za zamani. Nilipitia orodha nikiuliza kila moja inahitajiwa na nani, kwa `emerge -pv --depclean` ikifuatwa na jina la kifurushi. Zilizokuwa hazihitajiwi na yeyote niliziondoa. Ukuta mwekundu ukapungua zaidi ya nusu bila mimi kubadilisha swichi hata moja.

Kilichobaki kilikuwa Python. Portage yenyewe imeandikwa kwa Python, na vifurushi vingi husakinisha moduli zake kwa kila toleo la Python lililochaguliwa kwenye PYTHON_TARGETS. Kwa kawaida profaili huchagua toleo, wewe huna haja ya kusema kitu. Kwenye mashine hii toleo la zamani lilikuwa limekaziwa kwa jina. Kwa hiyo profaili ilivuta mbele, mstari ule ukavuta nyuma, na kila moduli ikalalamika kwamba mwenzake hana toleo analolihitaji. Kuufuta mstari ule moja kwa moja kungefaa pia, lakini nilipendelea hatua ya kati. Kwenye package.use niliruhusu matoleo mawili yakae kwa pamoja:

`*/* PYTHON_TARGETS: -* python3_11 python3_12`

Nikasasisha, nikahakikisha kila kitu kimejengwa kwa toleo jipya, ndipo nikauondoa mstari wote na kuiachia profaili kazi yake, halafu nikasasisha tena. Ni kukompaili mara mbili, lakini moduli ni nyepesi, na hakukuwa na dakika hata moja ambapo Portage ilibaki bila Python ya kuiendesha. Nisingejaribu kuokoa muda hapo.

Utegemezi wa mzunguko nao ulinikuta pale panapojulikana na kila mtumiaji wa Gentoo: freetype inataka harfbuzz, na harfbuzz inataka freetype. Dawa yake ni kuvunja duara kwa muda, bila kuandika chochote kwenye faili. `USE="-harfbuzz" emerge --oneshot media-libs/freetype` hujenga freetype pungufu, harfbuzz hujengwa juu yake, kisha freetype hurudiwa ikiwa kamili. Vifurushi vya picha vya tiff na libwebp vina duara la namna hiyohiyo. Ukiliandika suluhisho hilo kwenye package.use litakaa humo milele, na mtu mwingine atajiuliza kwa nini maandishi yake kwenye skrini hayapendezi.

Mpangilio ulipokubalika, kazi ya kukompaili ikaanza, na matatizo yakabadilika sura. Kifurushi kinaposhindwa, mistari ya mwisho kwenye skrini haina maana sana. Kazi hufanyika sambamba, kwa hiyo kosa halisi hutokea, kisha kazi nyingine zilizokuwa zinaendelea humwaga maandishi yao juu yake. Logi nzima iko chini ya /var/tmp/portage, ndani ya saraka ya kifurushi husika, kwenye temp/build.log. Huwa naifungua na kutafuta neno "error:" kuanzia juu, nikaishia kwenye la kwanza. Lisipoonekana vizuri, narudia kwa `MAKEOPTS="-j1"` ili mambo yaende moja baada ya jingine.

Mara nyingine hakuna kosa la msimbo kabisa. Kifurushi kimoja kikubwa cha C++ kilikufa na ujumbe kwamba cc1plus, kompaila yenyewe ya C++, imeuawa. Kompaila haikukosea, kerneli iliiua kwa kuwa kumbukumbu ya RAM ilikwisha. Kanuni inayotumika ni kuhesabu GB 2 za RAM kwa kila kazi ya kukompaili: mashine ya GB 8 ibaki na -j4 (kazi nne kwa pamoja), hata kama kichakataji chake kina nyuzi kumi na sita. Na kuna mtego mwingine. Ukiiambia pia emerge ijenge vifurushi kadhaa kwa wakati mmoja kwa `--jobs`, namba hizo mbili huzidishana. Niliacha mpangilio wa jumla ulivyo, nikaweka faili ndogo ndani ya /etc/portage/env yenye `MAKEOPTS="-j2"`, kisha kwenye package.env nikataja vifurushi vizito vichache vinavyopaswa kuitumia. Kwa njia hiyo hiyohiyo unaweza kuhamisha ujenzi wa kifurushi kikubwa kutoka kwenye tmpfs (sehemu ya RAM inayotumika kama diski) kwenda kwenye diski. Tofautisha hali hii na kompaila inayoanguka mahali tofauti kila unaporudia: hapo Portage haina hatia, kaipime RAM yenyewe kwa memtest.

Kwa vile vikubwa kabisa sikuwa na ubishi. Tangu Desemba 2023 mradi wa Gentoo unatoa rasmi vifurushi vilivyokwisha jengwa kwa amd64 na arm64, na ukiongeza `--getbinpkg` emerge huvichukua pale swichi zako zinapolingana na zake. Zisipolingana, inakompaili kama kawaida. Wapo wanaoona ni kuisaliti falsafa ya Gentoo. Mimi nilichotaka ni mashine iliyosasishwa.

Sasisho lilipokamilika kulikuwa na usafi wa kufanya, na mpangilio wake una maana. Kwanza `emerge @preserved-rebuild`: Portage huhifadhi maktaba za zamani ambazo bado zinatumiwa, na amri hii hujenga upya wanaozitumia ili ziweze kuondoka. Kisha `dispatch-conf`, kwa kuwa Portage haifuti mipangilio yako ndani ya /etc. Huweka toleo jipya pembeni kwa jina linaloanza na `._cfg0000_` na kusubiri uamuzi wako. Hapo nilienda polepole kuliko mahali pengine pote, hasa kwenye faili za SSH, kwani kukubali toleo jipya bila kusoma kunaweza kukufungia nje ya mashine yako mwenyewe. Ndipo `emerge --depclean`, inayoondoa vifurushi visivyohitajiwa tena, nayo kwa `-p` kwanza. Orodha yake niliisoma jina kwa jina, na nilichotaka kubaki nacho nilikiingiza kwenye world kwa `emerge --noreplace`.

Profaili ya 23.0 ilikuwa laini baada ya hapo. Uangalifu mkubwa ni kuchagua ile inayolingana na mfumo ulivyo: kama /bin, /sbin na /lib hazijaunganishwa na /usr, chagua yenye split-usr kwenye jina. Maelekezo yanataka binutils, gcc na glibc zijengwe kwanza kwa mpangilio huo, kisha `emerge --emptytree @world`, inayojenga upya kila kifurushi. Niliiacha ikiunguruma usiku kucha ikiwa na `--keep-going`, ili kifurushi kimoja kikishindwa kisizuie vingine visivyokitegemea.

Kuna programu moja sikuiondoa. Ilikuwa imeshatolewa hifadhini lakini wenye mashine walikuwa bado wanaitumia. Nilichukua ebuild yake kutoka kwenye historia ya git ya Gentoo, nikaiweka kwenye hifadhi yangu ndogo ya ndani, nikaandika `masters = gentoo` kwenye layout.conf yake ili irithi hifadhi kuu, nikatengeneza upya Manifest (faili ya alama za kuhakiki mafaili), ikajengwa. Juu ya mstari wake kwenye package.use niliweka maelezo ya nani anaihitaji na tarehe niliyoirudisha. Mgongano wowote ukitokea sasa kwenye mashine ile, huwa naanza kwa kuikagua hiyo.