Tairi Lililonipasukia Njia ya Mambrui

Trela langu ni la kubebea viti na mahema ya harusi, linavutwa na pikapu, na rimu zake zilitoka kwenye Hiace iliyochakaa. Miaka yote nililivisha matairi ya mtumba. Nilikuwa natazama meno tu. Yakiwa marefu, natoa pesa.

Mfunguo Mosi wa 2022, trela lilikuwa limelala uani Ramadhani nzima, juani, na vyuma vya mahema juu yake. Tukatoka Malindi saa sita mchana na mzigo wa Marafa. Tumeshavuka daraja la Sabaki, Mambrui bado, mara kishindo! Tairi la kushoto limechanika ubavu mzima, lakini meno yamesimama vilevile. Spea sina. Viti vilifika alasiri kwa lori la kukodi, na jicho alilonikata mama wa bibi harusi silisahau.

Kesho yake fundi wa pancha alilipindua lile bovu, akasugua vumbi kwa kidole gumba.

"Ami, hapa ulipasoma?"

"Nisome nini, mwanangu?"

Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT palikuwa na tarakimu nne: 2211. Wiki ya 22, mwaka 2011. Nilikuwa natembelea tairi la karibu miaka kumi na moja! Alipolikunja, nyufa ndogondogo zilifunguka kama tope lililokauka. Aliyeniuzia alilipaka oili likang'aa, na oili yenyewe inaula mpira. Siku hizi nikiona tairi la mtumba linameremeta napita zangu. Hizo tarakimu nne pengine huwa upande mmoja tu, kwa hiyo muuzaji akikwambia hazipo, lipindue.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Nilikwenda dukani kwa jirani nikapima kiti kimoja kwenye mzani wake: kilo mbili na robo. Mara viti 250, hiyo ni zaidi ya kilo 560. Weka mahema na vyuma vyake, kama 300, na trela lenyewe 350. Jumla inapita 1,200. Matairi yangu yalikuwa ya gari dogo, 185/70R14, yameandikwa 88, maana yake kila moja linabeba kilo 560 mwisho. Mawili ni 1,120. Hesabu ya darasa la nne, na sikuwahi kuifanya.

Nikanunua mawili mapya ya bei ya chini, 185R14C, yenye namba 102: kilo 850 kila moja. Rimu zilikuwa zilezile za 14. Yamezidi urefu kidogo, ikabidi madigadi yapigwe nyundo. La tatu, la spea, nililipata baada ya harusi mbili. Pesa iliuma, lakini nikikumbuka lile lori la kukodi nanyamaza.

Upepo nao tulibishana. Fundi amezoea kutia pauni 30 kila kitu. Haya yameandikwa 65 ubavuni, na kwa mzigo wangu ndizo ninazotia, maana tairi legevu hujikunja likapata moto na kupasuka. Napima asubuhi kabla jua halijaliwakia. Likishatembea, kipimo hupanda chenyewe, sipunguzi.

Ramadhani ikiingia, trela napakua, natia jeki, naliweka juu ya mawe ya matumbawe magurudumu yasiguse chini, kisha nayafunika kwa magunia. Safarini sizidi 80, na Gongoni nasimama nigusie kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono. Kikichoma, beringi inaomba grisi.

Garsen ndiyo bado inanishinda. Miiba ya mathenge haiulizi tairi ni jipya au kuukuu. Mwezi jana imenitoboa mara mbili kwa safari moja.