Miguu ya shangazi

Jumapili, usiku

Shangazi hakwenda misa leo. Miguu ilimkesheza tena. Sukari ya miaka ishirini imempiga mishipa ya fahamu, nyayo zinawaka kama kakanyaga makaa, hata shuka hataki imguse. Kidonge cha usiku alichopewa hospitali kinamlaza kidogo na kumkausha mdomo, basi.

Mwanawe aliye Kanada kapiga simu tukiwa tunakula. "Mama, huku bangi ni dawa tokea 2001. Daktari anaandika, hakuna kificho." Na simu iko kwenye spika! Shangazi akanitazama kama mimi ndiye niliyevuta.

Mimi nimelelewa Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kwetu bangi na unga wa kulevya vimo kapu moja. Nani atatulaumu? Kila mtaa una kijana wake aliyekuwa akiimba kwaya na sasa yuko soba hausi, nyumba ya kuachia ulevi huo, Mungu akipenda. Akina mama wa kanisani wakilisikia neno hilo, wanachokiona ni mtoto wa fulani akiuza masufuria ya mamaake.

Wiki iliyopita nilimvizia padri nyuma ya kanisa, nikamuuliza kwa sauti ya mwizi. Hakushtuka. Akanikumbusha Paulo alivyomwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Akasema Katekisimu ya ndugu zetu Wakatoliki, kifungu cha 2291, inazikataza dawa za kulevya kwa ukali, ila tiba imeachiwa mlango. Na Waanglikana wenzetu wa Marekani walishapitisha 1982 kwamba mgonjwa aruhusiwe bangi, daktari akiona inafaa. "Na morfini, si kasumba ile? Mbona hatuikemei wodini?" Nikaanza kufurahi, akanikata: sheria ya hapa hairuhusu, na hawezi kumtuma mama mzee uchochoroni akanunue kitu asichojua kimechanganywa na nini.

Hapo sina ubishi naye. Tena binamu yangu anatia chumvi. Dawa ya bangi iliyoidhinishwa Marekani 2018 ilikuwa ya kifafa kikali kinachoanza utotoni. Kwa maumivu ya mishipa kama haya ya shangazi, nafuu iliyoonekana ni ndogo.

Linalonikera ni la mpendwa mmoja aliyekuja kumjulia hali: "Vumilia, Bibi, mateso yanatakasa." Mbele ya madhabahu yetu lipo duara la marumaru, panaposemwa ulikuwapo mti wa kuchapia watumwa. Sijamsikia mtu akisimama pale akasema viboko vile vilimtakasa yeyote. Jirani yetu, Muislamu, alikuwapo ameleta uji. Yeye alisema tu, "Kwetu dharura huhalalisha," akatuapia kwamba uji hauna sukari.

Sasa hivi nampepea miguu kwa kipepeo cha ukili. Nilidhani kalala.

"Huyo Timotheo," akauliza, "tumbo lilipona?"

Nikamwambia Biblia haisemi. Akacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi, akataka nihamie mguu wa kushoto.