Zawadi za Idd nilizozipika kwenye sufuria

Mwaka huu zawadi zangu za Idd nimezipika mwenyewe. Chupa kumi na nne za udi wa kupika, yaani vijiti vya udi vilivyopikwa kwa sukari na mafuta mazuri, vya kufukiza, na tatu kati yake zilikwenda pamoja na leso. Tangu Idd ipite naulizwa nimefanyaje, na nataka kueleza yote, kwa sababu mimi nilipoanza nilipewa maelekezo ya kuharibu mali ya watu, na mtu aliyenipa alijiamini kweli kweli.

Nilianza Shaaban, nikajiona nimewahi. Maelekezo yalikuja kwa wasapu, sauti ya dakika nne: kilo ya sukari kwa robo kilo ya vijiti, maji vikombe viwili, koroga mpaka ikauke, mafuta umimine sufuria ikiwa motoni ili udi uyanywe. Nikafuata neno kwa neno. Vijiti nilivinunua Mji wa Kale, hapa Mombasa, vya bei ya chini, robo kilo ikanitoka elfu mbili na ushei. Nilijua ni vya chini kwa sababu nilikitia kimoja kwenye bilauri ya maji kikaelea. Udi mzito huzama. Mti wenyewe ni wa Asia, na ukiwa mzima hauna harufu ya maana. Hadi ujeruhiwe, uingiwe na kuvu, ndipo hutoa utomvu wa kujitetea, na utomvu huo ndio tunaoufukiza sisi. Kijiti chepesi, cheupecheupe, kina utomvu kidogo, kwa hivyo kazi yote ya harufu itategemea unakipikaje na unakitia mafuta gani. Hilo nililijua tangu mwanzo na sikuona haya. Chupa kumi na nne za udi wa kuzama ni mahari ya mtu.

Mpiko wa kwanza nilikoroga kama nilivyoambiwa. Sukari ikayeyuka, ikachemka, nikamimina vijiti, nikaendelea na mwiko bila kupumzika. Mara sufuria ikaanza kuwa nzito, na kabla sijajua nini, vile vijiti vikavaa unga mweupe mkavu. Visheti vitupu! Shira imevigandia. Nikasema pengine ndivyo inavyotakiwa, nikatia kipande kwenye chetezo. Moshi ukapanda mzito, wa sukari inayoungua, ukakamata koo. Shangazi alikuwa amekaa ukumbini na tasbihi yake, akaniita.

"Mwanangu, hini si udi. Wafukiza peremende."

"Shangazi, nimefuata nilivyoelekezwa."

"Aliyekuelekeza ana duka la sukari?"

Nikavitupa vyote. Viliniuma, lakini singeweza kumpelekea mtu kitu kama kile na jina langu juu.

Mara ya pili nilipunguza sukari ikawa nusu, nikaongeza moto ili iive upesi isipate nafasi ya kuganda. Ikaiva kupita kiasi. Sukari ikageuka rangi ya kahawa, kisha nyeusi, na ikawa chungu. Na pale pale motoni ndipo nilipomimina mafuta ya udi na miski, kama ile sauti ilivyosema. Chupa ndogo mbili, karibu elfu moja unusu zote. Harufu iliyotoka ilikuwa nzuri ajabu, jirani wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza kuna harusi gani. Ilipopoa sufuria, nikanusa: hakuna kitu. Mafuta yote yalikuwa yameruka na mvuke, yamekwenda kunukiza ngazi na kichochoro. Siku ile nililia, nasema wazi. Shaaban ilikuwa yaisha na nilikuwa na sufuria mbili zilizoharibika na pesa zilizoliwa na moto.

Nikaacha kwa muda. Ramadhani ikaingia, nikashughulika na futari kama kila mwanamke. Na hapo ndipo jawabu likaja, kwenye kaimati! Jioni moja ya kumi la mwanzo nilikuwa napika shira yake, nikakamua limau kama ninavyokamua siku zote, na mkono ukasimama hewani. Shira ya kaimati haigandi. Ya visheti tunaiacha igande makusudi, tunaikoroga koroga ili iwe nyeupe. Ya kaimati tunatia limau, na sukari ikishayeyuka hatuikorogi tena, inabaki nyevu na yenye kunata hata siku ya pili. Mimi nimepika zote mbili tangu nina miaka kumi, na kwa udi nilisikiliza sauti ya simu badala ya mkono wangu.

Usiku ule ule baada ya tarawehe nikaroweka vijiti vipya kwenye marashi ya mawaridi. Nikaviacha siku tatu, nimefunika. Kisha nikapika hivi: kwa vikombe viwili vya vijiti, robo kikombe tu ya sukari. Robo, si zaidi. Kazi ya sukari ni kushika harufu kwenye kijiti, haikuja kunukia yenyewe. Nikaiyeyusha kwa marashi yale yale niliyorowekea, moto mdogo wa makaa, matone machache ya limau, na mwiko nikauweka mbali nisije nikashawishika. Sufuria nilikuwa naitikisa kwa kuishika masikio. Ilipofika hali ya kuvuta uzi mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, nikatia vijiti, nikavigeuza taratibu mpaka vikainywa ile shira yote na chini kukabaki kukavu. Nikaepua.

Sasa hapa pana subira. Nilingoja sufuria ipoe hata naweza kuigusa kwa kiganja bila kuuondoa mkono. Ndipo nikamimina mafuta ya udi, miski kidogo, zafarani niliyoiloweka kwenye kijiko cha marashi, na mwisho nikanyunyiza unga wa sandali ili vijiti visishikane. Sandali nilichukua ya India, dukani kwa mtu ambaye mamangu amenunua kwake miaka yote. Nilisisitiza hilo kwa sababu msandali wetu wa hapa Kenya ulipigwa marufuku kukatwa mwaka 2007, na bado unaibwa porini ukasafirishwa. Sitaki zawadi ya Idd yenye kitu cha kuiba ndani yake. Nikavitandaza kwenye sinia, kivulini, siku mbili. Juani harufu huondoka.

Mchana wa saumu sikuweza kuujaribu, moshi siuvuti nikiwa nimefunga. Nikangojea usiku. Na chetezo kina adabu yake, ambayo wengi siku hizi hawafundishwi: kaa liache liwe jivu juu, lisiwe jekundu, halafu kijiti ukiweke ukingoni, si katikati. Kaa jekundu litaunguza udi wa bei yoyote. Nikaweka vipande viwili, nikaketi. Moshi ulikuja mwembamba, wa buluu, ukazunguka chumba bila haraka. Shangazi aliinuka kwenye mkeka, akaja akasimama juu ya chetezo, akatanua buibui lake ukaingia ndani. Hakusema neno. Alipomaliza akafungua mtandio akafukiza na nywele. Kwa anayemjua shangazi yangu, hiyo ni shahada ya chuo kikuu.

Chupa zilikuwa za jamu, nilizikusanya kwa majirani, nikazichemsha, nikazianika. Nimeshauriwa ninunue vile vikopo vya plastiki vya kungʼara. Nawaomba msifanye hivyo, mafuta huingia kwenye plastiki na udi hupoteza nguvu. Vifuniko nilivifunika kwa vitambaa vya leso zilizochanika za nyanya, na pale penye ua zuri la pindo ndipo nilipopaelekeza juu. Nilizifunga siku kumi kabla ya kuzitoa, na kila siku harufu ilikuwa inakomaa. Ukiweza kungoja zaidi, ngoja.

Leso tatu zilikuwa za mama, shangazi na mavyaa, yaani mama mkwe. Nilikwenda Biashara Street, nikaingia kwenye lile duka la Kaderdina Hajee Essak, la chapa ya Mali ya Abdulla, lililoanza 1887. Hapo nilikaa saa mbili, kwa sababu leso si rangi. Pindo na mji, yaani pale katikati, utavichagua kwa macho, lakini jina, yale maneno yaliyoandikwa, utalichagua kwa moyo, na jina likikosea hakuna udi utakaolifunika. Ya mama ilikuwa rahisi, Nani kama mama. Ya mavyaa ilinitoa jasho. Kulikuwa na moja nzuri mno, nyekundu na nyeusi, korosho zimekaa vizuri kwenye mji wake, nikaifungua nikasoma: Hasidi hana sababu. Nikaikunja haraka, nikairudisha. Nilitoka na Wema hauozi, rangi yake si kama ile, lakini aliyepewa atalala usingizi.

Leso zote nilizikata na kuzipinda mwenyewe, kwa mkono, mishono midogo. Watu wengi wanatoa leso vile ilivyotoka dukani, vipande viwili vimeshikana, na aliyepewa anabaki anatafuta fundi siku ya mkesha wa Idd ambapo mafundi wote hawana hata nafasi ya kuitika salamu. Ipinde. Ni jioni moja tu. Na msitenganishe pea. Mimi nilitaka kuzigawa, moja huku moja kule, niokoe pesa. Mama akanikataza, na nashukuru alinikataza.

Kakangu nilikuwa nimemkusudia kofia ya mkono. Nilianza Rajab, tena baada ya kuambiwa mwezi mmoja watosha kwa mtu mwenye macho mazuri. Si kweli, na aliyesema hivyo hajapata kushona hata kitobo kimoja. Kila kitobo ni cha kuzungushiwa uzi mpaka kisimame, na vitobo ni mamia. Hadi mwezi unaandama nilikuwa nimemaliza duara la juu pekee, ukuta wake bado kitambaa kitupu kilichochorwa kwa penseli. Alipata udi kama wenzake. Nilimwonyesha lile duara, akaliweka kichwani hivyo hivyo, akaniambia atangoja.

Nikijumlisha, ukiacha zile sufuria mbili zilizoharibika, sidhani kama nilipita elfu tisa kwa watu kumi na wanne, leso zikiwemo. Ukizihesabu zile mbili, hesabu inakuwa nyingine, lakini hasara ile ilikuwa ya kusomea.

Zawadi nilizipeleka usiku wa kuandama mwezi, nyumba kwa nyumba, ili asubuhi watu wafukize nguo kabla ya kwenda kuswali. Asubuhi ya Idd nikipita kichochoroni kwetu nilisikia udi wangu kwenye madirisha matatu, na nauapia, niliutambua kila mmoja.

Chupa ya mavyaa imerudi wiki iliyopita, akiwa amemaliza kufunga sita yake ya baada ya Idd. Imeoshwa, imejazwa kashata za nazi mpaka juu, na chini ya kifuniko kijikaratasi kwa mwandiko wake: Mfunguo Tatu usinisahau. Ndiyo Idd ya kuchinja hiyo. Vijiti vimo kwenye marashi tangu juzi.