Ruta ya zamani usiitupe: Wi-Fi ya chumba cha uani na TV isiyokwama

Nyumba zetu nyingi ni za tofali za saruji za inchi sita, zina linta na nguzo zenye nondo, na kila dirisha lina grili ya chuma. Ruta huishia pale fundi wa faiba alipomalizia kebo yake, mara nyingi ukuta wa mbele wa sebule. Sebuleni kasi unaipata yote uliyolipia, chumba cha tatu imeshuka nusu, na chumba cha uani simu inashika mstari mmoja. Hapo ndipo watu hukimbilia dukani kununua ile busta ya kuchomeka kwenye soketi.

Busta ninaiweka mwisho kabisa. Inapokea mawimbi na kuyarusha tena, na zile za bei ndogo hufanya yote mawili kwa redio moja, kwenye chaneli moja. Redio ya Wi-Fi haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kipande cha data kinapita hewani mara mbili na kasi inakatika nusu au zaidi. Tena watu wengi huichomeka kule kule mawimbi yalikokufa, halafu inarudia udhaifu ule ule. Mistari kwenye simu hujaa, video bado inazunguka.

Karibu kila nyumba iliyowahi kubadilisha kampuni ya intaneti ina ruta ya zamani kabatini. Hiyo inaweza kufanya mojawapo ya kazi mbili: kuwa kituo cha pili cha Wi-Fi kinacholishwa kwa kebo, au kuwa daraja linalopokea Wi-Fi na kuitoa kwa kebo kwenda kwenye TV, king'amuzi au kompyuta ya mezani. Kazi hizi zinakwenda kinyume, na ukizichanganya utahangaika bure.

Kabla ya yote, pima. Chomeka laptopu kwa kebo kwenye ruta kuu na pima kasi. Ikiwa hapo hapo ni ndogo, tatizo ni kifurushi au laini, na hakuna kifaa cha nyumbani kitakachokusaidia. Kisha zunguka na simu yenye programu ya kupima Wi-Fi. Android zipo nyingi. Kwenye iPhone, programu ya AirPort Utility ina kipimo hicho ukikiwasha kwenye mipangilio yake. Angalia namba za dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi, ambazo zote ni hasi. −50 ni nzuri sana. −67 ndiyo mpaka wa video na simu za intaneti kwenda bila kukatika. Ukishuka chini ya −75, tegemea matatizo. Andika namba ya kila chumba, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha pa kuweka kifaa cha pili.

Kituo cha pili cha Wi-Fi

Kebo ikiweza kupita, fanya hivi na usiangalie njia nyingine. Rudisha ruta ya zamani kwenye hali ya kiwandani: ikiwa imewashwa, bonyeza kitufe cha Reset kwa pini kwa sekunde kumi hivi mpaka taa zibadilike. Chomeka laptopu kwenye tundu lake mojawapo la LAN (ya vifaa vya ndani), bila kuigusisha ruta kuu bado, kisha fungua kwenye kivinjari anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini.

Kama menyu ina Operation Mode, chagua Access Point, hifadhi, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Kama haina, utafanya kwa mkono, na mpangilio wa hatua ni muhimu. Anza na anwani. Tuseme ruta kuu ni 192.168.1.1 na inagawa anwani kuanzia .100 hadi .200. Ya zamani ipe 192.168.1.2, nje ya mgao huo. Hifadhi, iache ijiwashe upya, ingia tena kwa anwani mpya. Sasa ndipo uzime DHCP, yaani kazi ya ruta ya kugawia vifaa anwani. Ukizima DHCP kwanza, laptopu inaweza kukosa anwani kabla hujamaliza, na itabidi uipe mwenyewe, kwa mfano 192.168.1.50 yenye maski 255.255.255.0 kama ya zamani bado ni 192.168.1.1, ndipo urudi ndani. Mwisho, pitisha kebo kutoka LAN ya ruta kuu hadi LAN ya hii ya zamani. Tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti lenye rangi tofauti, liache wazi.

Ukiiacha DHCP ikiwaka kwenye zote mbili, simu moja itapewa anwani na ruta kuu, nyingine itapewa na hii ya pili na kuambiwa kwamba njia ya kutokea nje ni .2. Huko hakuna njia. Utaona "imeunganishwa, hakuna intaneti" kwa mtu mmoja huku mwenzake pembeni anaendelea vizuri. Ukitumia tundu la WAN huku ruta ya zamani imebaki kwenye hali yake ya kawaida, intaneti itapatikana, lakini utakuwa umejenga mtandao ndani ya mtandao: aliye sebuleni hataiona printa ya chumbani, wala simu haitaweza kurusha picha kwenye TV iliyo upande wa pili. Na kama zote mbili zimebaki na .1, ruta zitagombania anwani moja na nyumba nzima itayumba.

Jina la Wi-Fi, nenosiri na aina ya ulinzi viwe sawa kwenye vyote viwili. Chaneli ndizo ziwe tofauti. Katika bendi ya 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11 tu: chaneli hizo zimepangwa kwa hatua ya MHz 5, ilhali mawimbi yenyewe yana upana wa MHz 20, kwa hiyo aliye kwenye 3 anamkanyaga wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Upana uweke 20, usiuache 40. Katika 5 GHz, ruta kuu ikae 36 na ya pili 149, kama orodha inaionyesha baada ya kuchagua nchi uliyopo. Chaneli za 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada. Kifaa kinalazimika kusikiliza angalau dakika moja kabla ya kurusha, na kikisikia rada kinahama. Mtu akiwasha ruta, asipoiona 5 GHz dakika ile ya kwanza, hudhani imeungua.

Ulinzi uwe WPA2 yenye AES, au WPA3 kama vifaa vyako vinaikubali. Ruta za zamani mara nyingi zimebaki kwenye TKIP, ulinzi uliotangulia AES, na hapo mwendo unabanwa kwenye Mbps 54 za zamani hata kama kifaa kinaweza zaidi. Hiki ni kipengele kimoja kwenye menyu, na huwapotezea watu kasi kwa miaka.

Kuna jambo linalowakera wengi: umetoka sebuleni umefika chumbani, simu imeng'ang'ania kituo cha sebuleni. Anayeamua kuhama ni simu, si ruta. Punguza nguvu ya kurusha ya vituo vyote viwili hadi wastani, ili mawimbi ya mbali yafifie mapema na simu ipate sababu ya kuachia.

Kebo yenyewe

Cat5e inatosha: inabeba Gbps 1 hadi mita 100. Cha kuangalia ni shaba. Sokoni kuna kebo nyingi za alumini iliyopakwa shaba. Boksi lake ni jepesi, na ukikwangua uzi kwa wembe unaona weupe ndani. Nyuzi hizo hukatika kwenye plagi na hupoteza umeme mwingi pale unapolisha kifaa kwa kebo hiyo hiyo. Lipa zaidi, nunua shaba tupu.

Mpangilio wa rangi wa T568B, plagi ikiwa na ulimi wake chini na matundu ya kuingizia nyuzi yakikuelekea, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili zifanane. Ukiona kifaa cha gigabiti kinashika Mbps 100 tu, usilaumu ruta. Mbps 100 inahitaji pini 1, 2, 3 na 6 pekee, gigabiti inahitaji zote nane. Maana yake moja kati ya 4, 5, 7 au 8 haijashika. Kata plagi, bana upya.

Darini panya hutafuna, kwa hiyo ipitishe kwenye bomba la PVC la milimita 20. Usiiweke bomba moja na waya za umeme. Zikilazimika kukutana, zivukane kwa pembe mraba.

Kutoka nyumba kubwa hadi banda la uani ni suala jingine. Kebo ya shaba inayopita nje kati ya majengo mawili hukusanya shoti ya radi hata ikipiga mbali, na kama kila jengo lina ethi yake, tofauti ya volti hupita ndani ya kebo hadi kwenye vifaa. Hapo pitisha faiba, au uende kwa hewa. Msimu wa masika unatosha kuunguza ruta mbili kwa siku moja.

Daraja la TV

TV ya kisasa ina Wi-Fi yake, lakini antena yake ni ndogo na imekaa nyuma ya kioo kikubwa kilichobanwa ukutani. Ruta ya zamani yenye antena za nje ikigeuzwa daraja, unaiweka pale mawimbi yalipo mazuri, juu ya mlango au kwenye korido, halafu unatoa kebo ya mita tatu hadi tano kwenda kwenye TV. Uhuru huo wa kuchagua mahali ndio faida kubwa kuliko zote. Tundu la kebo la TV nyingi ni la Mbps 100 tu, na hilo lisikutishe: Netflix wanapendekeza Mbps 15 kwa picha ya 4K, na 5 kwa 1080p.

Jina la kazi hii hubadilika kulingana na kampuni. ASUS wanaandika Media Bridge. TP-Link, kwenye ruta zao ndogo za safari, wanaandika Client. MikroTik wana station bridge, inayofanya kazi MikroTik ikiongea na MikroTik, na station pseudobridge kwa ruta za wengine. Kama menyu yako haina chochote cha namna hii, ruta hiyo ifanye kituo tu, au tazama kama inapokea OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, ambayo hufanya daraja kwa msaada wa kijiprogramu kiitwacho relayd.

Chagua daraja lishike bendi ya 5 GHz kama pale ulipoliweka unapata −67 au bora zaidi. Chini ya hapo 2.4 GHz itatulia zaidi. Kisha chaneli ya ruta kuu iwekee namba moja ya kudumu, usiiache Auto. Daraja humfuata mkubwa wake, na ruta kuu ikihamia usiku kwenye chaneli ya rada ambayo kifaa chako cha zamani hakiijui, asubuhi TV haina intaneti na hakuna aliyegusa kitu.

Kuna tabia moja ya daraja inayohitaji kueleweka. Kipande cha data cha Wi-Fi kati ya mteja (hapa ni daraja) na kituo kina nafasi ya anwani tatu za MAC, yaani namba za utambulisho wa vifaa, na hakuna nafasi ya ile ya TV iliyo nyuma ya daraja. Kwa hiyo daraja nyingi huweka MAC yao wenyewe badala ya ya TV. Ruta kuu inaona TV, king'amuzi na PlayStation zote zina MAC moja. Ukiwa umehifadhi anwani kwa kufuata MAC, au umeweka muda wa watoto kwa MAC, mipango hiyo haitashika. Wakati mwingine kifaa cha pili kinakosa kabisa anwani. Kipe anwani ya kudumu kwenye menyu yake, kwa mfano 192.168.1.60. Suluhisho safi ni WDS, hali ya kuunganisha ruta kwa hewa inayotumia anwani nne, lakini pande zote mbili lazima zielewane, na mara nyingi hilo linataka ruta za kampuni moja.

Daraja lenyewe lipe 192.168.1.3, la sivyo litachukua anwani yoyote na utalitafuta kwenye orodha ya ruta kuu kila ukitaka kulirekebisha. Na usilichomeke kwa kebo kwenye ruta kuu huku limeshaunganishwa hewani. Hapo umeunda mzunguko: data inazunguka kati ya njia mbili bila kikomo na mtandao wote unasimama mpaka uchomoe.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja zinahitaji hesabu tofauti kidogo. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa wenye unene wa nusu mita au zaidi humeza 5 GHz yote. Mawimbi hupita kwenye ngazi, kwenye uwazi wa ua wa ndani na kwenye milango, kwa hiyo kiweke kituo kwenye ngazi, si ndani ya chumba, na kebo ipite kwenye tundu lililokwishatobolewa badala ya kutoboa ukuta mkongwe.

Umeme ukikatika

UPS ndogo ya volti 12 inaweza kushikilia ruta kwa saa kadhaa, lakini kama umeilinda ruta kuu peke yake, chumba cha uani kinazimika. Soma kibandiko cha adapta ya kila kifaa: volti, ampea, na mchoro wa chanya na hasi. Volti zikitofautiana usilazimishe. Njia nadhifu ni kulisha kituo cha pili umeme kupitia kebo ya mtandao, ili UPS moja ikae sehemu moja. Ruta nyingi za zamani hazina uwezo huo, kwa hiyo huenda ukahitaji kununua kituo kinachopokea. Kiwango cha 802.3af kinatoa volti 48 hivi na hadi wati 15.4, na kinauliza kifaa kabla ya kutoa. Visanduku vya kulisha umeme vya volti 24 visivyouliza vinatoa tu, na ukivichomeka kwenye kifaa kisichovitarajia unaweza kukiunguza. Soma kilichoandikwa kwenye kisanduku chake kabla ya kuchomeka, na kiandike kwa kalamu ya wino wa kudumu juu ya adapta yenyewe.