Ngazi ubavuni mwa Lysander

Jana nimeibandika kwa mara ya tatu ile ngazi ya ndege yangu ya mfano, Westland Lysander, ikang'oka tena na kuniachia vidole vyenye gundi. Ngazi hiyohiyo ndiyo iliyonivuta kwenye habari za Skwadroni ya 161 ya Jeshi la Anga la Uingereza. Iliundwa Februari 1942, ikahamia kituo cha ndege cha Tempsford, Uingereza, mwaka huohuo, na kazi yake ilikuwa kupeleka majasusi Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, na kuwarudisha.

Rubani wa Lysander aliruka peke yake, bila bunduki, ramani mapajani, akifuata mito iliyong'aa kwa mbalamwezi. Kusipokuwa na mwezi, hakuna safari. Kule kondeni wenzao wa majasusi walimsubiri na tochi tatu tu zilizofungwa kwenye vijiti, zikichora L iliyopinduliwa, urefu kama mita 150. (Tatu! Mimi ningegeuza nikiwa bado juu ya bahari.) Kwanza mtu amulike herufi ya Morse (mimuliko mifupi na mirefu) waliyokubaliana, akikosea, rubani hatui. Ikiwa sawa, anatua, hawa wanashuka ngazi, wale wanapanda, dakika chache tu, huyo kaondoka.

Wao gizani, na mimi chini ya taa ya mezani bado nahangaika na ngazi.